Skauti si mapambo ya mikutano

Mhariri,

Msomaji wako mmoja wa Nairobi aliandika katika ukurasa huu kwamba uskauti ni masalio ya mkoloni, kwamba watoto huvalishwa skafu ili wakawapigie saluti wanasiasa, na kwamba fedha za kambi zingefaa zaidi zikinunua vitabu. Sikukusudia kumjibu. Mimi ni mstaafu wa bandari, na kazi iliyonilisha ni ya kamba, siyo ya kalamu. Ila mjukuu wangu aliisoma barua ile, akairudia, kisha akaniuliza, "Babu, huyu bwana alishawahi kutuona?" Nikamwambia nitamuuliza. Basi, ndugu yangu wa Nairobi, nakuuliza.

Nianze na pale uliposema kweli. Habari ya saluti haina ubishi. Huku kwetu mwaliko huja Alhamisi jioni kwa simu: Jumamosi kuna mgeni, leteni skauti arobaini, sare ziwe safi. Watoto wanafika uwanjani saa moja asubuhi, wanapangwa mstari, wanakabidhiwa kamba ya kuzuia watu wasilisogelee hema la wakubwa. Mgeni anateremka garini saa saba. Safari moja mtoto wetu alizimia kwa jua na njaa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya hema la wageni, hatua chache tu, na wahudumu wake walikuwa wakitazama ngoma. Aliyemvuta mwenzake kivulini akamlaza, akamlegeza skafu na mkanda, akamwinua miguu na kumlowesha uso na shingo, ni skauti wa miaka 12. Alipozinduka akampa maji kidogo kidogo. Kisha akarudi kushika kamba, maana hakuna aliyemwambia aiache. Picha iliyotoka baadaye ilikuwa ya mgeni akikagua gwaride, na maelezo chini yake yalisema skauti walipamba sherehe.

Tangu hapo mialiko ya aina hiyo naikataa kwa niaba ya kundi letu. Wapo walionuna, wakasema nawaharibia watoto nafasi ya kujulikana. Yakapita. Lakini anayewapanga watoto juani ni mtu mzima, na mtu mzima ndiye aulizwe. Wewe umemwacha huyo ukawashika watoto.

Kundi letu liko Likoni, ng'ambo ya kivuko. Hukutana Jumamosi katika uwanja wa shule moja ya msingi na, maji yakiruhusu, ufuoni. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Mwalimu aliyekuwa akilisimamia alikuwa na kitabu chenye michoro ya mafundo, na michoro ile ilikuwa imemshinda. Akasikia mtaani kuna mzee aliyekuwa akifunga meli Kilindini. Kazi hiyo, kwa asiyeijua, ni ya watu wanaongoja gatini wakati meli inasukumwa na tagi. Baharia anakurushia kamba nyembamba yenye uzito kichwani, unaivuta, nayo inakuletea kamba yenyewe, nene kuliko mkono wangu, unaivika kwenye nguzo ya chuma. Kamba ile ikikazana kisha ikakatika, huvunja mguu wa mtu. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo nilipoanza na watoto niliwafundisha vilevile nilivyofundishwa mimi: kila fundo lina kazi yake, na fundo lisilofunguka kazi ikiisha ni fundo baya. Wakanibandika jina la Babu Kamba, na siku hizi hata makondakta wa matatu hunita hivyo.

Skauti wa Kenya wamegawanywa kwa umri. Wadogo ni Sungura, wakifuatiwa na Chipukizi, halafu Mwamba, na vijana waliokwisha kuwa watu wazima ni Jasiri. Wetu wengi ni Chipukizi, na Mwamba wachache. Ndani ya kundi mna vikosi vya watoto sita hadi wanane, na kila kikosi hujichagulia kiongozi. Sisi tuna Palahala, Kasa, Pomboo na Kozi, majina ya wanyama na ndege wa kwetu. Mtu mzima haingizi mkono katika uchaguzi huo. Kiongozi wa Palahala kwa sasa ni binti wa miaka 13, mdogo wa mwili, ana daftari lake, na hasahau deni la mtu.

Mtu wa Likoni huvuka maji kila siku ya maisha yake na huenda akafa hajui kuogelea. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imepakia watu kupita kiasi, karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Wenzangu wa shifti walikuwamo, na hapo sitaongeza neno. Ndiyo sababu beji ya kwanza ninayoijali mimi ni ya maji. Hatumfundishi mtoto kujitosa kumfuata anayezama, kwa sababu anayezama humng'ang'ania mwokoaji wakaenda chini wote wawili. Wanajifunza kwa mpango: nyosha kitu, rusha kitu, piga kasia umfuate, na kuingia mwenyewe ni mwisho kabisa, tena ukiwa umefungwa kamba iliyoshikwa na watu walio nchi kavu. Kifaa chetu ni mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia, wa lita 5, uliotiwa maji kidogo ili upepo usiupeperushe, na kamba ya pima kumi. Kitanzi cha mwisho hufungwa kwa fundo lisilokaza, ili mtu akikipitisha kwapani kisimbane kifua. Kila mtoto sharti aufikishe mtungi huo kwa mwenzake aliye majini na jaketi la kuelea, kusi ikivuma, ndipo apewe beji. Wapo waliosumbuka nao muda mrefu. Hatukuwapunguzia hata pima moja.

Sikukuu moja ufuo wa Shelly ulikuwa umefurika watu, na kijana mmoja, mgeni wa bahari, akachukuliwa na maji yaliyokuwa yakitoka. Watu wakapiga kelele. Wengine wakainua simu kurekodi. Chipukizi wawili wa kikosi cha Kasa, ambao hawakuwa hata na sare siku hiyo, walikimbia kwa muuza viazi karai wakachukua mtungi wake wa mafuta uliokwisha, wakachota maji, wakafunga kamba waliyoikuta katika ngalawa iliyokuwa imepandishwa mchangani. Mrusho wa kwanza ulikwenda kando. Wa pili ukamfikia. Walipomvuta hadi nchi kavu walimlaza kwa ubavu, wakamngojea atapike maji, watu wazima wakampeleka hospitali. Wale wawili wakaikunja kamba ya watu, wakairudisha ngalawani, wakamlipa muuza viazi mtungi wake. Mimi sikujua lolote mpaka mama wa yule kijana alipokuja kututafuta na sinia la mahamri. Nilipowauliza, habari waliyonipa kwa kirefu ni ile ya mrusho wa kwanza: walitia maji mengi mno mtungini, mkono ukachoka. Hilo ndilo lililokuwa likiwakera.

Halafu kuna mikoko, na hapa nitakawia kidogo. Serikali ina lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na siku hizi kila mwenye fulana ya nembo anataka kupigwa picha ameshika mche. Ufuoni kwetu walikuja watu wa namna hiyo, wakachomeka mikoko mstari mnyoofu upande wa bahari kabisa, wakapiga makofi, wakaondoka. Skauti walisaidia kubeba miche. Tofauti ni kwamba wao walirudi. Walirudi kila bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, wakiwa na kijiti kilichotiwa alama za kupimia na daftari, wakihesabu iliyo hai. Hesabu ikawa inashuka tu. Chaza wadogo walijibandika kwenye vikonyo, mawimbi yakaviyumbisha, miche ikang'oka. Msichana mmoja wa Mwamba akamwendea mama mmoja anayebandua chaza pale, akamuuliza. Yule mama alicheka kwanza. "Huko mbele ni kwa mlilana, mwanangu. Mkoko mnauonea."

Ndivyo ilivyo. Mlilana hustahimili mawimbi, nao hukaa mbele. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani, hufuata nyuma yake kwenye tope laini. Mkandaa huja baadaye, na mchu utauona hata huko juu ambako maji hufika kwa nadra. Kenya ina aina 9 za miti hii. Mimi niliyezaliwa nao nilikuwa najua ipi inafaa boriti na ipi inafaa kuni, basi. Watoto sasa wanaijua kwa jani, kwa mzizi na kwa mahali inapopenda kusimama. Mkoko hauna taabu kuupanda: mbegu yake ndefu huanza kuota ikiwa bado juu mtini, unaichomeka topeni maji yakiwa yamekupwa, umemaliza. Mlilana ndio wenye kazi, kwani mbegu zake ndogo hutaka kuoteshwa kwanza. Wakaotesha katika pakiti za maziwa zilizooshwa, wakapanga zamu ya kuzitazama, na kikosi kilichokosa zamu kilisomwa jina mbele ya wenzake. Milima haikuhamishwa. Kipande walichokipanda ni kidogo, mtu anaweza kukizunguka akiwa bado hajamaliza kahawa yake. Lakini kimesimama, na katika daftari lao kila mche uliokufa umeandikwa umekufa, jambo ambalo sijaliona katika ripoti za wenye fulana.

Tuliwapeleka pia Gazi, kaunti ya Kwale, kuutazama mradi wa Mikoko Pamoja. Huko tangu 2013 wanakijiji hulinda msitu wao wa mikoko na kuuza hewa ya kaboni ambayo msitu huo umeifungia, na fedha zile zimeleta maji na kununua vitabu vya shule. Nalitaja hili, ndugu yangu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeleta habari ya vitabu. Kule Gazi vitabu vimetoka topeni.

Sitaki udhani kila tunachofanya ni kazi za kiungwana. Watoto huja kwa ajili ya kambi, na kambi ni vituko. Tulipokwenda Shimba Hills, walikolala hema wakisikia tembo wakivunja matawi upande wa pili wa bonde, kikosi cha Kozi kilipewa ramani na dira kituongoze kurudi kambini. Tulifuatana na askari wa wanyamapori, mwenye bunduki, maana pale hapachezewi. Kiongozi wa Kozi akaishika ramani juu chini. Niliona. Askari naye aliona, akanitazama, nikatikisa kichwa. Mikono nikaitia mfukoni ili nisije nikanyoosha kidole. Tukatembea njia isiyokuwa yenyewe, watoto wakijiamini kabisa, mpaka mdogo wao mmoja aliposema, "Mbona jua linatupiga usoni? Asubuhi tulikuja nalo likitupiga mgongoni, na tukirudi alasiri si lingekuwa mgongoni vilevile?" Wakasimama. Wakabishana. Wakaigeuza ramani. Tulifika kambini chakula kimepoa, na hawajawahi tena kushika ramani bila kuitazama dira kwanza. Yule mdogo aliyeuliza ndiye kiongozi wao sasa. Na palahala tuliwaona, wale swala wakubwa, dume mweusi na majike yake, katika msitu pekee nchini Kenya wanakopatikana; kikosi chenye jina lake kilijivuna wiki nzima, na Pomboo, ambao mnyama wao hatukuweza kuwatafutia milimani, walidai tuwalipe kwa safari ya baharini. Bado wanadai.

Kazi ngumu kwa sisi wazee katika mambo haya ni hiyo ya kunyamaza. Mzazi wa siku hizi anamtuma mtoto dukani na kumpigia simu mwenye duka kabla hajafika. Mwalimu naye ana mtihani kichwani. Skauti akiachiwa ramani, au kamba, au mfuko wa fedha za kikosi, inabidi aachiwe kweli, pamoja na nafasi ya kukosea, ilmradi mtu mzima amehakikisha kosa lenyewe haliui. Kusimamia hilo kunachosha kuliko kufanya mwenyewe.

Fedha, basi. Kwetu mtoto halazimishwi mchango. Nauli ya safari ya Nyeri waliitafuta kwa kuuza mabuyu na achari nje ya msikiti na nje ya kanisa, na kwa kuokota chupa za plastiki ufuoni na kuziuza kwa kilo. Mweka hazina alikuwa mtoto, mkaguzi alikuwa mtoto mwingine, na mimi nilipoomba kukopa mia mbili ya soda niliambiwa niandike barua. Nauli ya daraja la kawaida katika treni ya SGR, kutoka Miritini hadi Nairobi, ilikuwa shilingi 1,500, na walio chini ya miaka 12 hulipa nusu. Kulikuwa na mvulana aliyetimiza miaka 12 juzi yake tu. Mwili wake ni wa miaka tisa. Tungemkatia nusu, hakuna karani ambaye angeuliza. Yeye akakataa. Akasema ahadi ya skauti ameitoa mbele ya watu, na kama ni pengo la shilingi 750 atauza mabuyu zaidi. Wenzake wakamsonya njia nzima hadi kituoni, kisha wakamsaidia kuuza.

Kabla ya Nyeri nitaje vita tulivyopigana hapa hapa nyumbani, vya mkono wa kushoto. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto dunia nzima. Hadithi wanayosimuliwa ni ya shujaa wa Ashanti aliyesema mkono wa kushoto ndio unaobeba ngao, na kumpa mwenzako mkono huo ni kuiweka ngao chini. Hadithi nzuri, lakini jaribu kumweleza bibi wa Likoni aliyemkuta mjukuu wake akimpa mtu kushoto. Alinijia nyumbani. "Ule mkono wa msalani ndio mnaowafundisha kusalimiana?" Sikuamua mimi. Shauri lilipelekwa kwenye baraza la viongozi wa vikosi, nao wakakaa chini ya mwembe na kutoa hukumu: kushoto ni skauti kwa skauti tu, tena wakiwa katika sare, mkubwa yeyote, awe skauti asiwe skauti, hupewa shikamoo na mkono wa kulia. Wakamwandikia bibi uamuzi wao, wakautia sahihi wote wanne. Kamishna mmoja aliyetutembelea alipewa shikamoo na mkono wa kulia, akashangaa kidogo, akaitikia marahaba.

Na sasa nije kwa mkoloni.

Kila Februari skauti kutoka sehemu nyingi za nchi hukusanyika Nyeri, kwa sababu huko ndiko alikozikwa Robert Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti kwa kambi ya wavulana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Mkewe, Olave, alipofariki mwaka 1977, majivu yake yaliletwa yakazikwa hapo hapo. Wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, miaka mbalimbali, na ndiyo siku inayoadhimishwa.

Watoto wa Likoni hawajui baridi. Niliwaonya wabebe nguo nzito, wakaleta leso za mama zao. Usiku wa kwanza vikosi vinne vililala katika mahema mawili kwa kusongamana. Alfajiri mmoja alitoka nje akarudi mbio kuwaambia wenzake kwamba mdomo wake unatoa moshi. Wakatoka wote kupuliza. Mlima Kenya ulikuwa wazi saa ile, kabla ya mawingu kuupanda, na kilele kimeshika theluji. Kwa robo saa hakuna aliyenidai chai. Chakula kilikuwa githeri, wakaila wakiitafuta nazi ndani yake. Wenyeji wetu, watoto wa huko, waliwaazima sweta, na wetu wakawafundisha kuimba vave, nyimbo za wakulima wa pwani. Kufikia jioni ya mwisho nilisikia mtoto wa Likoni akihesabu kwa Kikuyu na mtoto wa Othaya akiapa kwa Kimvita.

Kaburi lenyewe ni jiwe jeupe la kawaida, limechorwa duara lenye nukta katikati. Watoto waliitambua alama hiyo kabla ya kuambiwa, kwa kuwa ndiyo wanayoichora mchangani kufunga mchezo wa kufuata nyayo: nimekwenda nyumbani. Katika makaburi yale yale amezikwa Jim Corbett, yule mwindaji wa chui-milia wala watu kule India, aliyefia Nyeri mwaka 1955 baada ya kuishi katika nyumba ile ile aliyoishi Baden-Powell. Habari za chui-milia ziliwavutia kuliko hotuba zote za siku hiyo. Ndiyo watoto.

Usiku, kando ya moto, niliwaambia mengine. Niliwaambia kwamba Baden-Powell alikuwa mwanajeshi wa himaya, akashiriki kampeni za kivita dhidi ya Waashanti na dhidi ya Wamatabele, na kwamba katika koloni la Kenya skauti Waafrika na skauti Wazungu walikuwa na vikundi mbalimbali, ingawa sheria ya skauti inasema skauti ni ndugu wa kila skauti. Niliwaambia pia kwamba Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau na mwana wa Nyeri hiyo hiyo, alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Binti wa Palahala alikuwa na daftari lake. Akaandika, akapiga hesabu, akanyoosha mkono. "Babu, siku nne baadaye huyu wa kaburini alikuwa anatimiza miaka mia." Ni kweli, alizaliwa 22 Februari 1857. Mimi sikuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja. Wakaanza kuulizana wenyewe. Kimathi angekubaliwa kuwa skauti? Na wale skauti wa Kizungu wa 1957 waliimba wiki ile? Kijana mmoja wa Mwamba, ambaye kwa kawaida husema mara moja kwa mwezi, akasema, "Sheria ya ndugu ameiandika yeye mwenyewe. Tumshike nayo." Wakabishana mpaka moto ukabaki makaa, na sikuwakatiza ingawa muda wa kulala ulikuwa umepita.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisema uskauti uliletwa na Mwingereza, watoto wa Likoni watakuambia ndiyo, na watakutajia na tarehe. Mpira nao uliletwa naye, na reli, na hili gazeti tunaloandikiana lina mashine zilizoletwa hivyo hivyo. Nairobi ilipokea mkutano wa skauti wa dunia mwaka 1973, na mwaka 2010 kambi ya Rowallan, karibu na Kibera, ikapokea Moot ya dunia, mkusanyiko wa skauti vijana wakubwa ambao haukuwa umewahi kufanyika Afrika. Kitu kikikaa nyumbani kwako muda wote huo na wewe ndiye unayekifagia, ni chako.

Kuna na mambo madogo ambayo hayafiki gazetini. Kila Oktoba skauti wa dunia huzungumza kwa redio na kwa intaneti, na mwaka mmoja msichana wetu alikutana humo na msichana wa Maskati. Wakahangaika kwa Kiingereza cha kuokoteza, hadi yule wa Maskati alipomwita bibi yake karibu na simu. Bibi alizaliwa Unguja. Waliozungumza kuanzia hapo ni bibi na msichana wetu, habari za urojo na bei ya nazi, na mjukuu mwenyewe akabaki pembeni akingoja atafsiriwe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Mpiga picha wako akiletwa kwenye mkutano wa mkubwa na kuwakuta skauti wameshika kamba, asiwapige picha. Badala yake mtume mwandishi Likoni Jumamosi ya bamvua. Wakati huo maji hukupwa huku kwetu kama saa nne asubuhi, na watoto watakuwa topeni wakihesabu mililana. Hawatajipanga mstari kwa ajili yake. Aje na viatu asivyovipenda, na ndugu yangu wa Nairobi akitaka, waje pamoja. Kazi watapangiwa na kiongozi wa Palahala, na akiwapa kijiti wakishike wima.

Nyongeza: kampuni ya meli yenye kamba za nailoni zilizochoka, tunazipokea. Zisizidi unene wa kidole gumba. Zile nene kuliko mkono nimeshaachana nazo.

Babu Kamba,
Likoni, Mombasa